Tandala, Nyati na Kitalu: Uwindaji wa Kitalii katika Nyika ya Rungwa

Mkoani Singida uwindaji wa kitalii una makao yake kusini, katika mapori ya akiba matatu yaliyoshikana: Rungwa, Kizigo na Muhesi. Kwa pamoja yana ukubwa unaozidi kilomita za mraba 17,000, na sehemu yake kubwa imo katika halmashauri za Manyoni na Itigi, kusini mwa Reli ya Kati. Upande wa kusini yanaungana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na hakuna uzio unaowazuia wanyama kwenda na kurudi. Mpaka uliopo ni wa kisheria. Ndani ya hifadhi ya taifa hakuna mtalii anayewinda. Ndani ya pori la akiba, mwenye leseni anaweza kumwinda mnyama aliyetajwa kwa jina, katika kitalu kilichotajwa, kwa siku zilizotajwa. Hawindi peke yake. Yuko pamoja na mwindaji bingwa, askari wa uhifadhi na wafuata nyayo, na mara nyingi hawa wa mwisho, ambao majina yao hayamo katika matangazo ya kampuni yoyote, ndio wanaoamua safari itafanikiwa au la.

Nchi yenyewe haina sura moja. Anayeshuka kutoka Itigi hukutana kwanza na kichaka maarufu cha eneo hilo: miti myembamba iliyosongamana, yenye urefu wa mita tatu hadi tano, inayopukutisha majani yote wakati wa kiangazi. Kichaka cha namna hii kinapatikana Itigi na tena mbali kusini-magharibi, kuelekea Ziwa Tanganyika upande wa Zambia, kwingine hakuna. Kina mimea yake ya pekee, mmojawapo ukiwa na jina la Burttia, kwa heshima ya B. D. Burtt, mtaalamu wa mimea aliyechunguza uoto wa Tanganyika pamoja na watafiti wa mbung'o hadi alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Kusini zaidi kichaka kinapisha miyombo, misitu ya mitundu na mininga iliyotandaa hadi upeo wa macho, ikikatwa hapa na pale na mbuga za udongo mweusi zinazogeuka tope zito masika. Mto Kizigo unaelekea mashariki kuungana na Ruaha Mkuu. Mto Rungwa unaelekea magharibi hadi Ziwa Rukwa. Kiangazi kinapokolea mito hubaki na madimbwi tu, na maisha yote ya pori hukusanyika kuyazunguka.

Nyika hii haikubaki bila watu kwa bahati. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka, ugonjwa wa ng'ombe uliotoka kaskazini, ulipita Afrika Mashariki na kuua mifugo kwa kiasi ambacho wazee walikisimulia kwa vizazi. Uliua pia nyati, pofu na tandala, kwa kuwa wanyama hao wenye kwato wanashambuliwa na virusi vilevile. Ng'ombe walipokwisha na njaa ilipowatawanya watu, vichaka vilirudi mahali palipokuwa malisho na mashamba, na pamoja na vichaka wakaja mbung'o. Katika Ukimbu, nchi ya Wakimbu ambao tangu zamani ni wawindaji na warina asali, malale yanayoenezwa na mbung'o yaliifanya serikali ya kikoloni iwahamishe wanavijiji na kuwakusanya katika makazi machache katika miaka ya 1920 na 1930. Wanyama walirudi kuongezeka katika nchi iliyoachwa. Mbung'o hadi leo ndiye mlinzi wa Rungwa asiyelipwa mshahara: anamuuma mgeni kupitia shati, na kwa karne nzima amewafanya wafugaji wasite kuingiza ng'ombe humo.

Ulinzi wa kisheria ulianza wakati wa Wajerumani. Mwaka 1910 walitenga Pori la Akiba la Saba. Waingereza wakalibadili jina kuwa Rungwa mwaka 1946. Na mwaka 1964 sehemu ya kusini ikakatwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Rungwa, basi, ndiyo mama wa Ruaha, ingawa watalii wengi wanaoifahamu Ruaha hawajawahi kulisikia jina la Rungwa. Baada ya Uhuru, mwaka 1973, serikali ilipiga marufuku uwindaji nchini. Ulipofunguliwa tena mwaka 1978, shughuli ilikabidhiwa shirika la umma la TAWICO, na kuanzia mwaka 1988 Idara ya Wanyamapori ikaanza kugawa vitalu kwa kampuni binafsi. Sheria inayotumika sasa ni Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na msimamizi wa mapori ya akiba ni Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA.

Kitalu ni kipande cha pori chenye mipaka yake, ambacho kampuni moja hupewa kwa miaka kadhaa. Kila mwaka kampuni hupangiwa mgawo, yaani idadi ya juu ya kila aina ya mnyama inayoruhusiwa kuwindwa katika kitalu hicho. Mgawo usiotumika hauna adhabu ya kibaiolojia. Unaotumika vibaya unayo, na adhabu hiyo huonekana baada ya miaka mitano au kumi, pengine kampuni iliyosababisha ikiwa imekwisha ondoka. Hapa ndipo ulipo udhaifu mkubwa wa mfumo wa kitalu. Dume la simba au tandala linahitaji miaka sita au zaidi ili likomae, na kampuni isiyo na hakika ya kubaki miaka hiyo haina sababu ya kulisubiri.

Msimu hufunguliwa Julai Mosi. Kazi ya kambi hutangulia: mwezi Mei na Juni, ardhi inapoanza kushika, vijana wa kambi hufungua barabara zilizofunikwa na nyasi, hujaza makorongo yaliyochimbwa na mvua, husafisha uwanja wa ndege wa udongo na kuchoma nyasi mapema, kungali na unyevu, ili moto usiwe mkali. Sehemu zilizochomwa huchipua majani mabichi ndani ya wiki chache, na swala wakubwa kama palahala na korongo huzifuata. Kambi yenyewe ni ya mahema juu ya sakafu ya udongo ulioshindiliwa, mabanda ya nguzo na nyasi, jiko la kuni na banda la ngozi lililowekwa mbali upande unaopeleka upepo nje ya kambi. Mvua za Novemba na Desemba zikianza, mbuga nyeusi hufunga njia, na kambi nyingi huvunjwa.

Mgeni huwasili kwa ndege ndogo kutoka Arusha au Dar es Salaam. Jambo la kwanza kabla ya kuingia porini ni kujaribu bunduki. Shabaha ya karatasi huwekwa kwenye mti, mgeni hupiga risasi chache, na mwindaji bingwa hutazama mambo mawili: kama darubini ya bunduki haikuyumba safarini, na kama mpigaji haogopi bunduki yake mwenyewe. Kwa wanyama hatari kama nyati, sheria inataka bunduki isiyopungua kipimo cha .375. Wapo wageni wanaokuja na bunduki kubwa kuliko wanayoweza kuimudu, na mwindaji bingwa mwenye busara huwashauri watumie ndogo kidogo wanayoizoea.

Mwindaji bingwa ana leseni yake mwenyewe, na ndiye anayebeba dhamana ya usalama wa mgeni na ya uamuzi wa kupiga. Askari wa uhifadhi ni jicho la serikali: anahakikisha mnyama aliyepigwa yumo kwenye leseni, kwamba hakupigwa kutoka ndani ya gari wala usiku, kwamba si jike la aina isiyoruhusiwa, na anaandika yote kwenye fomu. Wafuata nyayo huwa wawili au watatu. Wengi wao ni watu wa vijiji vya jirani waliokua wakichunga, wakirina asali au wakifuatana na baba zao porini, na elimu yao haikuandikwa popote.

Elimu hiyo inaonekana vizuri zaidi katika kumtafuta tandala mkubwa, mnyama ambaye wageni wengi humfuata Rungwa kuliko mwingine asiye hatari. Dume lake huwa na uzito wa kilo 190 hadi 270, rangi ya kijivu, mistari myeupe myembamba ubavuni, na pembe zinazojisokota mizunguko miwili na nusu. Pembe huanza kuota kabla ya mwaka wa kwanza kwisha, mzunguko wa kwanza hukamilika karibu na umri wa miaka miwili, na wa mwisho haukamiliki mpaka dume lifikie umri wa miaka sita hivi. Umri, kwa hiyo, umeandikwa kichwani pake, na anayejua kuusoma hana haja ya kubahatisha.

Katika misitu ya Alaska na Kanada, mwongozaji anayemtafuta moose, mnyama mkubwa kuliko wote wa jamii ya kulungu, humwita dume kwa kuigiza sauti ya jike wakati wa kupandana, kisha husubiri. Tandala haitwi. Hufuatwa. Asubuhi gari huenda polepole kwenye njia ya mchanga, mfuata nyayo akiwa ameketi juu kwa mbele, na alama ya usiku ikipatikana gari husimama na watu hushuka. Kwato za tandala dume huacha alama ndefu kiasi, iliyochongoka mbele, kubwa kuliko ya swala na ndogo kuliko ya pofu. Swali la kwanza ni la saa. Alama mpya ina kingo kali. Jua likiipiga, mchanga wa pembeni hukauka na kuporomoka ndani. Kama mdudu wa usiku amepita juu ya alama, mnyama alipita kabla ya mdudu huyo. Kama umande umetoboa vitundu vidogo ndani yake, ilikuwa kabla ya alfajiri. Mavi huvunjwa kwa vidole kuona unyevu wa ndani. Jani lililokatwa kwenye mti hutazamwa mahali lilipokatwa: utomvu bado unang'aa, au umekwisha kuwa wa kahawia.

Kisha kuna upepo. Mwindaji bingwa hubeba kifuko kidogo cha kitambaa chenye majivu, na kila baada ya hatua kadhaa hukitikisa. Vumbi jeupe likielea kuelekea kwenye nyayo, safari ya asubuhi hiyo hubadilishwa njia, hata kama inamaanisha kuzunguka kilomita mbili. Tandala huona mwendo kwa haraka na masikio yake makubwa hugeuka kila upande, lakini pua ndiyo isiyokosea.

Saa nne jua linapokuwa kali, tandala huingia kwenye kichaka kupumzika, na hapo kazi hugeuka kuwa ya macho. Dume husimama kivulini bila kutikisika, mistari yake ikichanganyika na vijiti. Mfuata nyayo hatafuti tandala mzima. Anatafuta sikio, kipande cha mgongo ulionyooka mahali ambapo matawi yote yamesimama wima, au ncha ya pembe yenye rangi ya meno. Akiiona, huonyesha kwa kidevu. Miti mitatu iliyofungwa pamoja juu hufunguliwa na kusimikwa, bunduki huwekwa juu yake, na mwindaji bingwa huhesabu mizunguko ya pembe kwa darubini. Mara nyingi jibu ni hapana. Dume lina mizunguko miwili tu, au ncha zake bado zinatazama ndani badala ya kutoka nje, na watu hurudi nyuma kimya. Hapana hiyo ndiyo kipimo cha kweli cha mwindaji bingwa, na kitalu kilicho na watu wanaoweza kuisema mbele ya mgeni aliyelipa pesa nyingi ndicho kinachobaki na madume makubwa.

Nyati hudai ujasiri wa aina nyingine. Anayetafutwa ni dume mzee aliyejitenga na kundi, anayeishi na wenzake wawili au watatu karibu na maji na kugaagaa matopeni hadi mgongo unapoteza manyoya. Dalili ya ukomavu ni kifuniko cha pembe juu ya paji la uso: kwa kijana bado kina ngozi laini na nywele katikati, kwa mzee kimekuwa kigumu kama jiwe. Ndege shashi wakiruka ghafla juu ya kichaka wakipiga kelele, wafuata nyayo husimama, kwa sababu ndege hao huwa mgongoni mwa nyati. Risasi hulengwa kwenye theluthi ya chini ya bega. Nyati aliyejeruhiwa anaweza kukimbia mita mia kadhaa, kugeuka na kusimama kando ya nyayo zake mwenyewe akiwasubiri wanaomfuata. Sheria na desturi ya kazi zinakubaliana hapa: mnyama aliyejeruhiwa lazima afuatwe, na asipopatikana huhesabiwa kuwa ameuawa na ada yake hulipwa.

Wengine hawahitaji maelezo marefu. Palahala na korongo hupatikana kwenye miyombo iliyochomwa mapema. Pofu, swala mkubwa kuliko wote, hufuatwa kwa miguu siku nzima kwa kuwa hutembea bila kuchoka. Kongoni, pundamilia na ngiri huwindwa zaidi kwa ajili ya nyama ya kambi na chambo.

Chui na simba ni habari tofauti kabisa, kwani wao hawafuatwi. Wanaitwa kwa chambo. Kwa chui, mguu wa pundamilia au swala hufungwa kwenye tawi mahali ambapo atalazimika kujinyoosha, na kibanda cha maficho hujengwa kwa nyasi mbali kidogo. Dume pekee ndiye anayeruhusiwa, na Tanzania nzima haitakiwi kusafirisha nyara za chui zaidi ya 500 kwa mwaka chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES. Kwa simba, kipimo ni umri wa miaka sita. Sababu yake ilielezwa na watafiti waliowachunguza simba wa Serengeti kwa miongo kadhaa. Dume linapouawa likiwa bado linalinda familia, madume mageni huingia na kuua watoto wote ili majike yapate joto tena. Risasi moja kwa dume la miaka minne, kwa hiyo, inaweza kuondoa kizazi kizima; dume la miaka sita au zaidi huwa limekwisha kulea watoto wake. Umri husomwa kwenye manyoya ya shingo, makovu ya uso, meno, na pua, ambayo ni ya waridi kwa kijana na huingia weusi kadiri miaka inavyopita. Kwa miaka mingi ilihitajika leseni ya siku 21 ili kumwinda simba au chui, na wiki hizo tatu zilikuwa na maana: mgeni mwenye haraka hupiga dume la kwanza linalojitokeza.

Baada ya risasi, askari wa uhifadhi huandika mahali, saa na aina ya mnyama. Mchuna ngozi huanza kazi kabla joto halijaharibu nywele. Sehemu ngumu ni kichwa: midomo hufunguliwa kutoka ndani, masikio hugeuzwa nje ndani hadi ncha, kope hubaki nzima, kisha ngozi husuguliwa chumvi nyingi na kukaushwa kivulini, kamwe si juani. Fuvu huchemshwa na kusafishwa. Pembe hupimwa kwa utepe, kwa inchi, kama inavyofanyika tangu Rowland Ward wa London aanze kuchapisha orodha yake ya vipimo mwaka 1892. Nyama huliwa kambini, hukaushwa au hupelekwa vijijini, na nyati mmoja hulisha watu wengi. Nyara hazisafiri na mgeni. Husubiri ukaguzi, malipo ya ada, hati ya usafirishaji, na kwa aina zilizoorodheshwa, kibali cha CITES. Miezi mingi hupita kabla hazijafika ughaibuni.

Fedha hutoka sehemu nyingi: ada ya kitalu, ada ya kila mnyama, ada ya leseni, ada ya uhifadhi kwa kila siku, na malipo ya kampuni yenyewe. Kwa miaka mingi robo ya ada za wanyama ilirudishwa kwa halmashauri za wilaya zenye vitalu, ili vijiji vya jirani vione shule au zahanati iliyotokana na pori. Mwanakijiji anayelala shambani akifukuza tembo kwenye mahindi ana haki ya kuuliza fedha hiyo ilifika wapi, na jibu la kueleweka si fadhila kwake. Mwananchi naye ana nafasi yake katika sheria kupitia uwindaji wa wenyeji, na kanuni za mwaka 2020 ziliruhusu bucha za nyamapori, hivyo nyama iliyokuwa ikiuzwa gizani ikapata njia halali. Kaskazini mwa mkoa, wilayani Mkalama, Wahadzabe bado huwinda kwa upinde na mshale wa sumu kwa ajili ya chakula. Uwindaji wao hauna kitalu wala nyara, na ni mkongwe kuliko sheria zote zilizotajwa hapa.

Biashara hii imetikiswa sana tangu mwaka 2014. Majangili wa pembe za ndovu walikuwa wamefika Ruaha na Rungwa. Makadirio ya kutoka angani yalionyesha tembo 20,090 katika mfumo huo wa ikolojia mwaka 2013, na sensa ya mwaka uliofuata ikapata 8,272. Hesabu ya marudio mwaka 2015 ilileta 15,836, na wataalamu wakabishana kuhusu mbinu, lakini kitaifa picha ilikuwa bayana: kutoka tembo 109,051 mwaka 2009 hadi 43,330 mwaka 2014. Aprili 2014 Marekani, nchi inayotoa wageni wengi, ilisimamisha uingizaji wa nyara za tembo kutoka Tanzania, na mapema mwaka 2016 ikaweka masharti mapya kwa simba, miezi michache baada ya kifo cha simba Cecil nchini Zimbabwe kuibua hasira duniani. Wageni walipungua na kampuni nyingi zikarudisha vitalu serikalini.

Kitalu kilichorudishwa hakibaki salama kwa kuachwa. Barabara zake hufunga, kambi hubomoka, doria za kampuni hukoma, na mzigo wote huwaangukia askari wa TAWA wenye eneo kubwa kuliko miguu yao. Mifugo, wakataji mbao na majangili huiona nafasi hiyo mapema kuliko mwekezaji yeyote. Mwaka 2019 serikali ilianza kugawa vitalu kwa mnada wa kielektroniki ili bei ijulikane hadharani, na baadaye ikaanzisha maeneo maalumu ya uwekezaji yenye mikataba mirefu, ambayo mwekezaji anaweza kuchanganya uwindaji na utalii wa picha. Kwa nchi kama Rungwa, yenye mbung'o wengi, vichaka vinavyoficha wanyama na umbali mkubwa kutoka viwanja vya ndege vya kimataifa, utalii wa picha peke yake bado ni mgumu kulipia barabara na doria. Mkataba mrefu, kwa upande wake, unampa mwenye kitalu kitu ambacho mgawo wa miaka michache haukuweza kumpa: sababu ya kuliacha leo dume la tandala lenye mizunguko miwili.